Somo: Kumpokea kiongozi wa kanisa ukiwa mmisionari Kigoma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo hili ni la watumishi mliotumwa Kigoma kutoka mikoa mingine au nje ya nchi, mkapata taarifa kwamba askofu au wageni wa makao makuu wanakuja. Shikeni jambo moja kwanza: mgeni huyu ni wa kanisa zima. Ukimfungia sebuleni kwako ukamkirimu, ataondoka ameshiba na washirika hawajamwona.

Hatua ya 1: Kaeni na wazee wa kanisa kabla ratiba haijaandikwa. Wao ndio wajue nani anapokea, nani anapika, nani anapeleka taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa. Mkutano wa hadhara unahitaji barua ya taarifa kwa polisi mapema. Mgeni wa nje atakayehubiri aulize Uhamiaji kuhusu kibali kabla ya kusafiri. Asije na viza ya utalii kwa kudhani itatosha.

Hatua ya 2: Safari. Treni kutoka Dar es Salaam hupita Dodoma na Tabora, zaidi ya kilomita 1,200, na kuchelewa si ajabu. Mzee wa watu asipangiwe ibada siku anayoshuka stesheni. Kama anaendelea Kasulu au Kibondo, alale mjini kwanza. Ziara za vijijini zipangwe Juni hadi Agosti, maana masika barabara za udongo hazina ahadi. Mkitaka kumfikisha Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1996, ombeni kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani mapema. Getini hamtakipata.

Hatua ya 3: Malazi. Chandarua kisicho na tundu, maji ya kunywa yaliyochemshwa, tochi, na ndoo ya maji ya moto asubuhi. Yatosha.

Hatua ya 4: Chakula. Hapa waachieni akina mama wa kanisa. Migebuka inunuliwe asubuhi Kibirizi mitumbwi inapoingia, wakati jicho la samaki bado linang'aa. Mawese yachemke na kitunguu mpaka harufu ya ubichi iishe, ndipo samaki aingie, moto upunguzwe, mchuzi ubaki mwekundu na mzito kiasi cha kushikana na tonge la ugali wa muhogo. Nimeona wageni wakubwa wakiomba nyongeza! Ila tumbo lisilozoea mawese linaweza kusumbuka, kwa hiyo awepo samaki mwingine wa mafuta ya alizeti. Na ulizeni ofisini kwake kuhusu sukari na presha. Viongozi wetu wengi wanaficha, wanakula kila wanachopewa kwa heshima.

Hatua ya 5: Ratiba. Tengeni muda mrefu wa mgeni kukaa na washirika bila ninyi wamisionari kuwepo, pamoja na mkalimani wa Kiha anayeaminika na waumini. Yatasemwa mambo ambayo hayasemwi mbele yenu, na ni vyema yasemwe. Mgeni afundishwe kuitikia "mwakeye", asikimbize salamu.

Nafasi ikipatikana, mpelekeni Ujiji. Wengi huishia kwenye habari za Livingstone na Stanley mwaka 1871. Mwelezeni pia kwamba wamisionari wa London walifika hapo 1878, na Mapadre Weupe, shirika la Kikatoliki, 1879. Inatusaidia tusitoe ripoti kana kwamba Injili Kigoma imeanza na sisi. Ziwani asiogelee hovyo, kuna kichocho.

MASWALI YA WASHIRIKI

Shikamoo mama. Wazee wanataka kila kaya ichangie bahasha ya askofu. Wengine hata mbegu hawajanunua.

Marahaba mwanangu. Msitoze kaya. Atakayeguswa atoe kwa hiari, hata mkungu wa ndizi. Na mwandikie katibu wake mapema mkubaliane nauli na mafuta ya gari yanalipwa na nani. Jambo hili likiachwa bila kusemwa, mzigo huangukia wajane.

Mtumishi, sisi tunasali chini ya turubai. Tuazime ukumbi wa shule siku hiyo?

Hapana, ndugu yangu. Apokelewe hapo hapo. Fagieni, pangeni mabenchi, mtafutieni kivuli. Akiketi kwenye ukumbi wa kuazima, mtamwelezaje haja ya mabati?

Mama, mgeni anakuja na mkewe. Mimi ndiye mke wa mmisionari, na mara zote nashinda jikoni mpaka wageni wanaondoka.

Pole sana, dada. Gawa zamu za jikoni wiki nzima kabla, na yako iwe moja tu, ya chai ya asubuhi. Baada ya hapo vua aproni, ukae naye. Huenda na yeye ana mengi ambayo hajapata wa kumwambia. Mwombe mume wako alisimamie hilo mbele ya wazee, usilibebe peke yako.