Betri Inaisha Gari Likiwa Limelala: Kutafuta Kinachonyonya Umeme kwenye Gari la Michezo la Zamani

Gari la michezo la zamani halitoki kila siku, ndiyo maana ugonjwa huu hulipata zaidi. Linalala wiki mbili, siku unayolitaka unazungusha funguo na kusikia tik-tik-tik tu. Wengi hukimbilia betri mpya. Nakusihi upime kwanza, kwa sababu kilichoinyonya ya zamani kitainyonya na mpya, na betri ya gari, ikiishiwa kabisa hata mara chache, hairudii nguvu zake.

Tafuta mita ya umeme yenye tundu la ampea 10, spana ya tamino (kichwa cha waya kinachobana nguzo ya betri), bisibisi na saa moja isiyo na haraka.

Hatua ya 1: Ondoa shaka juu ya betri na altaneta

Chaji betri ijae, iache itulie usiku kucha, kisha pima. Volti 12.6 ni nzima; ikishuka chini ya 12.4 bila kuunganishwa na chochote, betri yenyewe ina kasoro. Washa injini ili altaneta, mashine inayochaji betri, izunguke: kwa kawaida utaona kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, tatizo lako ni kuchaji, na vipimo vinavyofuata havitakusaidia.

Hatua ya 2: Lilaze gari

Zima kila kitu, toa funguo, teremsha kioo kimoja ili mkono uweze kuingia, fungua boneti. Kufuli la mlango ulio wazi lisukume kwa bisibisi mpaka lidhani mlango umefungwa. Magari kama Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza (1989–1997) yana betri kwenye buti, kwa hiyo taa ya buti, kama ipo, itoe kabisa. Ukimaliza, kumbuka kulifungua tena kufuli kabla ya kubamiza mlango. Kama redio inadai namba ya siri umeme ukikatika, iwe mkononi.

Hatua ya 3: Pitisha umeme ndani ya mita

Hapa ndipo mita nyingi huungua. Mita inakaa mfululizo na waya, upande wa hasi: ncha moja kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye tamino ya waya. Kamwe usiunganishe chanya na hasi mita ikiwa kwenye ampea. Hiyo ni shoti. Mimi hugusisha ncha zote mbili kabla ya kuinua tamino, umeme usikatike hata kidogo, maana kukatika huamsha alamu na kompyuta ndogo za gari. Mita ikishakaa, usiwashe injini wala taa kubwa.

Subiri. Gari lenye saa na redio tu hutulia papo hapo. Lenye alamu na kompyuta linaweza kuchukua nusu saa.

Hatua ya 4: Soma namba

Chini ya miliampea 50 ni kawaida, na kwa gari la zamani lisilo na vikorokoro mimi hutarajia chini ya 30. Fanya hesabu: miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku (ampea-saa ni ampea moja ikitiririka saa moja), betri ya ampea-saa 45 inastahimili wiki kadhaa. Lakini balbu ya wati 5 iliyosahaulika inakula karibu ampea 0.4, yaani ampea-saa 10 kwa siku. Siku nne, gari limekufa.

Hatua ya 5: Tafuta fyuzi

Usianze kung'oa fyuzi ovyo, kwa kuwa ukirudisha moja unaweza kuamsha kilicholala. Weka mita kwenye milivolti, gusa vitobo viwili vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Sifuri maana yake hakuna umeme unaopita. Kwenye fyuzi ya ampea 10, milivolti 1 ni zaidi ya miliampea 100, na hapo umempata mhusika. Ng'oa hiyo tu, uthibitishe kwa ampea.

Kisha fuata waya. Ninaanza na vilivyoongezwa na wamiliki waliotangulia: redio ambayo waya wake wa umeme wa kudumu na ule wa swichi ya funguo zimebadilishwa nafasi, amplifaya isiyozimika, alamu iliyounganishwa kwa mkanda. Halafu taa ya kisanduku cha dashibodi, antena ya mota, na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zilizonata za taa kubwa zinazochomoza kutoka kwenye boneti.

Hatua ya 6: Fyuzi zote ziko sawa, namba bado kubwa

Nilikuwa na gari la milango miwili lililovuja ampea 0.9 hata fyuzi zote zikiwa nje. Nilishika altaneta asubuhi, injini imelala usiku kucha, nikaikuta ina uvuguvugu. Dayodi yake, kipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, ilikuwa imekufa, umeme ukirudi kupitia waya mnene usiopita kwenye kisanduku cha fyuzi.

Kupima hili, kwanza toa tamino ya hasi, kwani waya huo una umeme daima. Fungua waya mnene na plagi ya altaneta, zizungushie mpira zisiguse chuma, rudisha mita. Yangu ilianguka hadi miliampea 18. Kama yako haisogei, rudia hivyohivyo kwa waya wa stata unaotoka swichi ya funguo, kisha swichi yenyewe.

Ukirekebisha, pima tena baada ya gari kulala usiku mzima. Wakati mwingine vinavyonyonya ni viwili.