Ghala lililopungukiwa watu: mashine zipi zianze, na zipi zisubiri

Mkusanyaji wa oda kwenye ghala la rafu na matoroli hutumia karibu nusu ya zamu yake akitembea. Muda unaobaki unagawanyika kati ya kutafuta mahali penyewe, kushika bidhaa, kuhesabu na kuthibitisha. Ndiyo maana ghala linalolalamika kwamba limepungukiwa watu wanne mara nyingi linao hao wanne, ila wako njiani kati ya rafu. Mashine ya kwanza kununua ni ile inayofuta mwendo huo, na mara nyingi hata si mashine.

Pima kabla ya kumwita muuzaji

Chukua rekodi za oda za miezi mitatu, na uhakikishe zina angalau wiki moja ya shughuli nyingi. Toa hesabu nne: oda kwa siku, mistari kwa oda, aina za bidhaa zinazoguswa kwa siku, na saa ambazo oda zinaingia. Mstari ni aina moja ya bidhaa ndani ya oda moja, iwe pisi 1 au 40. Hesabu ya saa husahaulika, nayo ndiyo inayoumiza. Ghala linalopokea sehemu kubwa ya oda baada ya saa nane mchana, na lori linaondoka saa kumi na moja jioni, lina upungufu kwa saa tatu tu za siku. Asubuhi watu wake wanasogoa.

Kisha shika saa. Fuatilia wafanyakazi watatu, mwenye kasi, wa wastani na mgeni, mizunguko 20 kila mmoja, ukigawa muda katika mafungu matano: kutembea, kutafuta, kushika, kuthibitisha na kusubiri. Mizunguko mitano ya mwanzo itupe, kwa sababu mtu akitazamwa hukimbia. Kusubiri kukizidi dakika 5 kwa saa, uliza wanasubiri nini. Kwa kawaida ni rafu tupu ambayo haijajazwa, forklifti iliyoziba njia, au printa moja inayogombewa na meza zote za kufungashia. Hakuna roboti inayotibu printa.

Sasa fanya hesabu. Tuseme una mistari 2,400 kwa siku. Zamu ni ya saa 8, lakini ukitoa mapumziko, kikao cha asubuhi na kutafuta toroli, kazi halisi ni saa 6.5. Anayekamilisha mistari 75 kwa saa atafikisha 487 kwa siku, kwa hiyo unahitaji watu 5. Akifika 120 kwa saa, atafikisha 780, na kazi ileile inataka watu 3 na kidogo. Weka 4: mmoja akiugua, watatu wanabeba 2,340 na lori linaondoka na karibu kila kitu. Kutoka 75 hadi 120 hakuhitaji roboti hata moja, kunahitaji mambo matatu.

La kwanza, panga upya rafu. Orodhesha bidhaa kwa idadi ya mara zinazotembelewa, wala si kwa thamani ya mauzo. Kosa hili ni la kila mahali: kifaa cha bei kubwa kinachotoka mara tatu kwa wiki kinawekwa karibu na mlango, huku betri ndogo zinazotoka mara 90 kwa siku zikiwa mwisho wa njia. Zinazotembelewa sana ziwekwe kati ya kiuno na bega, karibu na meza za kufungashia, lakini zitawanywe kwenye njia mbili au tatu. Ukizirundika njia moja, matoroli yatakwama kama magari kwenye makutano. Bidhaa nzito ziwe mwanzo wa mzunguko ili zikae chini ya toroli. Rudia zoezi hili kila baada ya miezi mitatu.

La pili, weka msimbopau kwenye kila nafasi ya rafu, si kwenye bidhaa pekee. Kwa lebo za rafu, msimbopau wa aina ya Code 128 unatosha. Acha nafasi nyeupe pande zote mbili, isiyopungua mara 10 ya upana wa mstari mwembamba kabisa wa msimbo, la sivyo skana itasoma kwa bahati. Usibandike selotepu inayong'aa juu ya lebo. Lebo za rafu za juu ziwe za karatasi inayorudisha mwanga, na mtumiaji awe na skana ya masafa marefu. Skana za leza hazisomi misimbo ya QR wala misimbo kwenye kioo cha simu. Za kamera zinasoma vyote, hivyo nunua za kamera. Skana inayovaliwa kidoleni inaacha mikono yote miwili huru, na kwa bidhaa ndogo tofauti yake inaonekana siku ya kwanza.

Hapa pana mtego mmoja wa kuangalia kwa karibu. Katoni ya pisi 12 ikiwa na msimbo uleule wa pisi moja, mfanyakazi ataskani katoni, mfumo wa kompyuta wa ghala utaandika 1, na pisi 11 zitatoweka kwenye hesabu bila mtu kuiba kitu. Kila kifungashio kipewe msimbo wake: pisi, katoni, paleti (jukwaa la kupangia katoni).

La tatu ni toroli la oda nyingi: toroli lenye masanduku 8 hadi 12 yenye namba, ili mzunguko mmoja ukusanye oda nane badala ya moja. Mfumo umwambie mtu "A-04, chukua 3, weka sanduku la 6", naye athibitishe kwa kuskani sanduku. Bila uthibitisho huo, bidhaa sahihi zitaingia kwenye oda za watu wengine, na muda uliookoa utaurudisha kwenye malalamiko.

Mashine ndogo zinazolipa haraka

Ya kwanza ni ya kufunga paleti kwa nailoni. Mtu anayezunguka paleti akiwa ameinama huchoka kiuno, na kila paleti inatoka tofauti. Mashine ya meza inayozunguka, yenye uwezo wa kuvuta nailoni kwa asilimia 200, hugeuza mita 1 ya nailoni kuwa mita 3. Iweke mizunguko mitatu chini, miwili hadi mitatu juu, na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Nailoni lazima ishike paleti yenyewe, sentimita kadhaa chini ya katoni ya kwanza. Isiposhika, mzigo wote utateleza juu ya paleti kwenye kona ya kwanza ya lori.

Ya pili ni konveya ya rola isiyo na mota, yaani njia ya rola ambayo mizigo hupita juu yake, kati ya mwisho wa rafu na meza za kufungashia. Kanuni yake ni rola tatu chini ya mzigo wakati wote. Katoni fupi kuliko zote ikiwa na sentimita 30, umbali kati ya katikati ya rola na rola usizidi sentimita 10. Mteremko wa sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita ni pa kuanzia. Jaribu kwa katoni nyepesi kabisa, ambayo itakwama, na nzito kabisa, ambayo itakimbia na kugonga. Sanduku la plastiki hukimbia zaidi ya katoni, na katoni iliyolainika kwa unyevu hukwama popote. Kama hizo mbili hazipatani kwenye mteremko mmoja, tumia rola za breki, au nenda kwenye rola zenye mota za volti 24 zinazosimamisha kila mzigo kabla haujagusa wa mbele.

Mashine za kukunjua katoni, kupiga tepu na kubandika lebo zinafaa pale tu ukubwa wa katoni zako ni wachache. Ghala lenye saizi 14 litatumia muda mwingi kurekebisha mashine kuliko kufunga. Punguza saizi kwanza. Nne au tano zinatosha kwa ghala nyingi za bidhaa ndogo.

Roboti zinazotembea

Mwaka 2012 Amazon iliinunua Kiva Systems, kampuni ya roboti za ghala, kwa dola milioni 775, na tangu hapo picha ya roboti inayobeba rafu nzima kumpelekea mtu imekuwa ndiyo picha ya ghala la kisasa. Mfumo huo unafaa ghala lenye maelfu ya aina za bidhaa ndogo na mistari mingi kila siku. Unahitaji eneo lililofungwa ambalo watu hawaingii, na rafu za kwake. Kwa ghala la kukodi, au lenye katoni kubwa, chaguo la kwanza liwe roboti zinazoshirikiana na watu: mtu anabaki kwenye njia mbili tatu za rafu, roboti zinakuja kwake, anaweka bidhaa, zinaondoka. Hakuna kutoboa sakafu, na ukihama unahama nazo. Kampuni nyingi hukodisha kwa mwezi, kwa hiyo anza kwa kukodi.

Idadi ya roboti usiiache kwa muuzaji. Tuseme unahitaji safari 60 kwa saa, na kila safari ni mita 160 kwenda na kurudi. Kasi ya wastani, ukihesabu kona na kusimama, ichukue mita 1 kwa sekunde hata kama karatasi ya muuzaji inasema 2. Hiyo ni sekunde 160. Ongeza 60 za kupakia na kupakua, na 30 za kupishana: jumla 250. Roboti moja inafanya safari 14.4 kwa saa. Ukitoa asilimia 15 ya kuchaji na hitilafu zinabaki 12.2, na 60 ukigawa kwa 12.2 unapata 4.9. Chukua 5, na ya 6 iwe akiba. Zikizidi sana kwenye njia nyembamba, zitaanza kusubiriana na safari kwa saa zitashuka.

Mambo yanayozisimamisha roboti siku baada ya siku ni ya kawaida mno. Kipande cha nailoni kilichoning'inia kwenye paleti huonekana kwa sensa, jicho la roboti, kama ukuta. Kikianguka, hujisokota kwenye ekseli ya gurudumu. Wekeni pipa la nailoni kila mwisho wa njia na mkate mikia yote. Nyufa na viungio vya sakafu vizibwe. Kioo kinachopenyesha mwanga huidanganya leza ya roboti. Kibandikie ukanda mweupe kwa urefu wa sensa.

Wi-Fi ni chanzo kingine. Roboti husimama inapohama kutoka kifaa kimoja cha kurushia mawimbi kwenda kingine. Nguvu ya mawimbi isishuke chini ya −67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) popote roboti zinapopita, na ipimwe rafu zikiwa zimejaa. Vinywaji na chuma hula mawimbi, na kipimo cha ghala tupu hakina maana.

Usalama una kiwango chake, ISO 3691-4, kwa magari ya mizigo yasiyo na dereva. Kati ya mengine, kinataka nafasi ya mita 0.5 kila upande wa njia ya mashine pale watu wanapopita. Na kumbuka kwamba leza ya usalama hutazama bapa moja tu, yaani usawa mmoja wa kimo, kwa kawaida sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu. Uma za forklifti zilizoinuliwa mita moja haizioni. Zilizolazwa sakafuni nazo hupita chini ya bapa. Kwa hiyo chora mahali maalumu pa kuegesha forklifti, nje ya njia za roboti, na usikubali udhuru wa dakika mbili.

Programu, na siku mtandao unapokatika

Roboti hufuata vipimo vilivyoandikwa. Bidhaa iliyoandikwa gramu 200 kumbe ni kilo 2 itapangiwa sanduku lisiloweza kuibeba. Pima upya urefu, upana, kimo na uzito wa zile bidhaa zinazobeba sehemu kubwa ya mistari yako. Nyingine zipimwe zinapopokelewa.

Kuunganisha mfumo wa ghala na mfumo wa roboti ndiko kunakochelewesha miradi. Kila ujumbe uwe na namba yake ya pekee, ili ukirudiwa baada ya mtandao kukatika usitekelezwe mara mbili. Chukua oda za siku moja halisi uzipitishe kwenye mfumo wa majaribio, kisha ulete fujo kwa makusudi: futa oda iliyokwisha kukusanywa nusu, tangaza rafu tupu, zima Wi-Fi kwa dakika kumi. Kwenye mkataba, kipimo cha kukubali kazi kiwe zamu nzima ya saa 8 kwa bidhaa zako mwenyewe. Onyesho la robo saa kwa katoni mpya za muuzaji halihesabiki.

Wateue wafanyakazi wawili wa zamani kwa kila zamu wajifunze kuhudumia mashine. Wanaijua ghala, na hilo fundi wa nje atachukua miezi kulijua. Kila asubuhi, dakika 15: kufuta sensa kwa kitambaa kikavu, kukagua magurudumu, kuondoa nailoni, kujaribu kitufe cha dharura. Stoo iwe na sensa za mwanga, mikanda, magurudumu na skana mbili za akiba. Mara moja kwa mwezi fanyeni kazi saa moja kwa orodha za karatasi. Zamu ambayo haijawahi kufanya hivyo itakaa chini siku seva ikianguka.

Ukusanyaji ukiongezeka kasi, msongamano unahamia mahali pengine: kwanza kwenye kujaza rafu, halafu kwenye meza za kufungashia. Watu wasiohitajika tena kwenye kukusanya wapelekeni huko kabla foleni haijaonekana. Na anzeni na njia moja ya rafu kwa wiki nne, angalau miezi mitatu kabla ya msimu wa kazi nyingi. Zikibaki wiki sita msimu uanze, funga mlango wa mabadiliko yote: hakuna toleo jipya la programu, hakuna roboti mpya, hata rafu isihamishwe.