Namna ya kukagua mfuko wa pensheni wa kazini

Mfuko unaotoza ada ndogo lakini unaacha fedha zikiliwa na mfumuko wa bei utakugharimu zaidi kuliko unaotoza zaidi kidogo na kuleta faida ya kweli. Kwa hiyo usianze na bei. Pima kinachobaki kwenye akaunti yako baada ya ada zote, kisha uangalie kama wadhamini, yaani wanaousimamia mfuko kwa niaba ya wanachama, wanakilinda kinachobaki. Maelezo haya yanahusu mifuko ambayo mafao yako ni salio lako: michango pamoja na faida yake.

Tafuta karatasi tatu: hati za mshahara za miezi 12, taarifa yako ya mwanachama ya kipindi hicho hicho, na hesabu za mfuko zilizokaguliwa.

Weka hati za mshahara kando ya taarifa, mwezi kwa mwezi. Kila mwezi uwe na mistari miwili, makato yako na mchango wa mwajiri. Soma tarehe ambayo fedha iliingia, maana mwezi ulioandikwa pembeni haukuambii hilo. Makato ya Machi yakiingia Juni, umekosa faida ya miezi mitatu, na muda wote huo fedha ilikuwa mikononi mwa mwajiri. Akifilisika kabla hajaipeleka, unaweza kujikuta unaidai pamoja na wadai wake wengine. Wengi hawalioni hili kwa sababu wanalinganisha jumla ya mwaka tu, na jumla inaweza kulingana vizuri kabisa huku kila mchango ukiwa umechelewa.

Sasa ada. Fungua hesabu zilizokaguliwa, ujumlishe kila gharama: meneja wa uwekezaji, mtunza amana (anayehifadhi mali za mfuko), uendeshaji, mkaguzi, posho na safari za wadhamini. Gawanya kwa wastani wa thamani ya mfuko. Mfuko ulioanza mwaka na milioni 480 na kuumaliza na milioni 520 una wastani wa milioni 500. Gharama zikiwa milioni 9, ada halisi ni asilimia 1.8, hata kama kipeperushi kinasema 1. Ukiona tofauti kama hiyo, mara nyingi kipeperushi kimetaja ada ya meneja peke yake.

Hata hesabu hiyo haishiki kila kitu. Gharama za kununua na kuuza hisa hukatwa ndani ya uwekezaji kabla faida haijatangazwa. Uingereza ilipoweka ukomo wa ada wa asilimia 0.75 kwa mwaka, Aprili 2015, kwa uwekezaji wa wale wasiochagua wenyewe fedha zao ziwekezwe wapi, gharama hizo za miamala ziliachwa nje ya ukomo. Ziombe kwa maandishi.

Asilimia moja inaonekana ndogo mpaka uipe miaka. Chukua mchango wa 120,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 30, jumla milioni 3.6. Ukibakiwa na faida ya asilimia 7 baada ya ada, unafikisha takriban milioni 11.3. Ukibakiwa na asilimia 6, unafikisha takriban milioni 9.5. Asilimia ile moja imekula zaidi ya nusu ya fedha zote ulizochanga.

Faida nayo ipime kwa miaka mitano au zaidi, maana mwaka mmoja mzuri unaweza kuwa bahati ya soko. Ondoa mfumuko wa bei: faida ya asilimia 9 pale bei zinapopanda kwa 6 ni kama asilimia 2.8 tu ya kweli. Kisha linganisha faida ambayo mfuko ulipata na ile iliyoingizwa kwenye akaunti za wanachama. Ikiwa mfuko ulipata 11 na ninyi mkapewa 8, zile 3 zimewekwa wapi? Akiba ya kufidia miaka mibaya ni jibu halali, ila iwe na kanuni iliyoandikwa na kiasi chake kionekane kwenye hesabu.

Chunguza pia mali zenyewe. Jengo kubwa linalothaminiwa upya kila mwaka hupandisha faida kwenye karatasi wakati hakuna fedha taslimu ya kuwalipa wanaostaafu. Na mfuko ukimkopesha mwajiri, au ukikodi ofisi zake, hoji siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo utawala unapojionesha. Omba mihtasari ya vikao vya wadhamini. Muhtasari unaorudia "taarifa ya meneja ilipokelewa" kikao baada ya kikao, bila swali hata moja, unakuambia kwamba hakuna anayemsimamia meneja huyo. Tafuta mambo haya: wadhamini waliochaguliwa na wanachama, daftari la mgongano wa maslahi linalojazwa kweli, mtunza amana asiye chini ya meneja wa uwekezaji, na tarehe ambayo kila mkataba ulishindanishwa kwa zabuni mara ya mwisho. Mtoa huduma aliyekaa miaka kumi bila kushindanishwa hana sababu ya kupunguza bei.

Kuhusu huduma, hakiki jina, tarehe ya kuzaliwa na warithi uliowaandika. Herufi moja iliyokosewa inaweza kuchelewesha malipo kwa miezi, na kuirekebisha ni rahisi zaidi ungali kazini.

Ukipata kasoro, andika barua kwa wadhamini na nakala kwa mwajiri. Taja mwezi, kiasi na tarehe, ambatisha hati ya mshahara, na uombe jibu la maandishi ndani ya siku 30. Lalamiko la jumla kwamba "fedha zetu hazieleweki" hujibiwa kwa jumla. Siku hizo zikipita kimya, peleka barua ile ile, pamoja na ushahidi wa kupokelewa kwake, kwa mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni.