Kufungua shauri la ufilisi kwenye e-CMS ukiwa Mbeya au Iringa: usilale kabla hujalipia

Bado kuna watu wanapanda gari alfajiri kutoka Kyela au Tunduma na nakala nne za karatasi zimefungwa kwa uzi, wanafika masjala ya Mahakama Kuu pale Mbeya wanaambiwa shauri linafunguliwa kwenye e-CMS, mfumo wa Mahakama wa kufungua na kuendesha mashauri mtandaoni. Inaniuma kila nikiona mtu mzima anageuka na bahasha yake ya kaki, nauli ishaenda. Mimi ni karani kwa wakili hapa mjini, kazi hii naifanya kila wiki, ngoja niwaelekeze ninavyofanya.

Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki zipo tangu 2018, Tangazo la Serikali Na. 148. Tulianza na mfumo ule wa JSDS, halafu mwishoni mwa 2023 ukaja huu wa e-CMS. Zamani ulikuwa unatuma kwenye mfumo alafu bado unapeleka karatasi masjala, na watu wakazoea kwamba karatasi ndio shauri lenyewe. Sasa hivi faili liko humohumo ndani, jaji analisoma kwenye skrini, kwahiyo kile ulichokiskani vibaya ndicho anachokiona yeye.

Kabla hujalogini jiulize unayemdai ni mtu au kampuni. Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ni ya mtu binafsi, yule mfanyabiashara wa Mwanjelwa aliyekopa kwa jina lake. Kama ni kampuni iliyosajiliwa unaenda na Sheria ya Makampuni, ni njia nyingine kabisa, na ukichagua aina ya shauri isiyo sahihi utapoteza siku. Pia ufilisi unaanzia Mahakama Kuu, sio ya wilaya. Wa Mbeya na Songwe wanachagua Mahakama Kuu Mbeya, wa Iringa na Njombe wanachagua Iringa, angalia vizuri hapo maana majina yamepangana na kidole kinateleza.

Wakili anaingia kwa akaunti yake ya uwakili. Kama huna wakili unajisajili mwenyewe kwa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na namba ya simu weka ile unayoshika wewe kila siku, usiweke ya mtoto wa stesheneri anayekusaidia kutype. Taarifa zinakuja kwa meseji, ikienda kwa mtu mwingine utakuja kusikia shauri limeshatajwa bila wewe.

Nyaraka sasa. Kuna maombi yenyewe na hati ya kiapo, kisha viambatisho: mikataba, risiti, hukumu kama ipo, notisi ya kufilisika (ile ya kumtaka alipe deni la hukumu) kama ulimpelekea. Hapa kaa utulie. Hati ya kiapo unaapa kwanza mbele ya kamishna wa viapo, anasaini, anagonga muhuri, anaandika jina lake, mahali na tarehe, NDIPO unaskani. Nimeona mtu kaskani kwa simu juu ya meza ya chai, kivuli cha mkono kimepita juu ya muhuri na tarehe imekatwa pembeni, inasomeka mwezi tu siku haionekani. Kiapo kisicho na tarehe ya kuapishwa ni zawadi kwa upande wa pili. Tumia skana ya kweli, fanya PDF, fungua kila ukurasa uusome kabla hujapakia, na majina ya mafaili yaeleweke, andika "Kiapo cha mwombaji", achana na yale majina ya namba yanayotoka kwenye simu. Lugha usiogope, tangu sheria ilivyobadilishwa 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili.

Sasa hapa ndipo panapoumiza watu. Ukishatuma mfumo unatoa namba ya malipo, kontro namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, unalipia kwa simu au benki. Wengi wakiona imetoka wanajua wamemaliza. Hujamaliza! Kanuni zinasema waraka uliotumwa kabla ya saa 6 usiku unahesabika wa siku hiyo, ila kwenye ada majaji wamewahi kutofautiana, wapo walioamua kwamba shauri limefunguliwa siku ile ada ilipolipwa (hukumu zipo TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kusoma ni bure). Na kwenye ufilisi siku zina uzito wake, mdai anatakiwa awasilishe maombi ndani ya miezi mitatu tangu mdaiwa afanye kile kitendo cha kufilisika, mfano kuhamisha mali kwa ndugu ili wadai wasizipate.

Tulikuwa na mzee mmoja wa mpunga kutoka Mbarali, alimkopesha mnunuzi magunia na yule akauza kila kitu akapotea. Tukatuma siku ya mwisho jioni, namba ikatoka, mzee keshapanda gari, hela iko kwenye simu ya mwanae na simu imezima chaji. Tukalipa kesho yake asubuhi. Pingamizi likaja kwenye tarehe tu, na maombi yakaondolewa, mzee akaniuliza "mwanangu, sasa mpunga wangu?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo mteja haondoki ofisini mpaka ada imelipwa na nimeona mwenyewe kwenye mfumo kwamba imepokelewa, na siku ya mwisho kwangu ni wiki moja kabla ya ile ya kwenye sheria, maana umeme wa huku na mvua za Machi mnaujua.

Mfumo ukigoma siku ya mwisho piga picha ya skrini ionyeshe saa na tarehe, na kesho yake siku ya kazi kabla ya saa 9 alasiri uwe umefika kwa msajili kuomba nafuu, kanuni zinaruhusu bila maombi rasmi. Ukichelewa hapo itabidi uombe kuongezewa muda na hiyo ni safari nyingine.

Baada ya malipo masjala wanakagua, ikiwa na kasoro inarudi, kwahiyo ingia asubuhi na jioni usisubiri meseji. Ikipokelewa unapata namba ya rejea ndefu inayoanza na mwaka, mwezi na siku. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe ya kutajwa, na ukienda RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambao ndio wenye kazi ya usimamizi wa ufilisi, nenda nayo hiyo pamoja na nakala ya maombi.