Kabla ya Kulipa Ada ya Chuo cha Mtandaoni Marekani: Namna ya Kuhakiki Kibali na Leseni

Katika kazi yangu nawashauri Waafrika Mashariki na Wakongo wanaoishi Marekani, ambao wengi wao husomea uuguzi, ualimu au ustawi wa jamii kwa njia ya masafa katika chuo kilichoko jimbo jingine. Karibu wote huuliza kama chuo kina ithibati, yaani kama ubora wake umetambuliwa rasmi. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi, kwa sababu leseni ya taaluma nchini humo haitolewi na serikali kuu wala na chuo. Hutolewa na jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa kamili ya kukufundisha ukiwa nyumbani kwako, na bado shahada yake isikupatie leseni hapo unapoishi.

Hatua ya 1: Hakiki kibali cha chuo, yaani ruhusa yake ya kuwafundisha wakazi wa jimbo lako. Tafuta jina lake katika tovuti ya NC-SARA, baraza linalosimamia makubaliano ya majimbo kutambua vibali vya elimu masafa. Hadi mwaka 2025 majimbo 49 yalikuwamo. California haikuwamo, hivyo mkazi wake akiulize chuo kwa maandishi kina ruhusa gani ya kumpokea. Usiishie hapo, maana makubaliano hayo hayahusu leseni za taaluma.

Hatua ya 2: Soma tamko la chuo kuhusu leseni. Chuo kinachopokea fedha za serikali kuu za kuwasaidia wanafunzi hulazimika kutangaza ni majimbo gani ambako mtaala wake unatimiza masharti ya leseni na ni yapi ambako hautimizi. Tangu tarehe 1 Julai 2024, programu inapaswa kutimiza masharti ya jimbo aliko mwanafunzi anapojiandikisha, au ya jimbo jingine ambalo yeye mwenyewe amethibitisha kwa maandishi kwamba anakusudia kufanya kazi huko. Ukiletewa fomu ya uthibitisho wa namna hiyo, tulia uisome, kwani mara nyingi ni ishara kwamba shahada hiyo haitakufaa unapoishi. Nawasihi wanafunzi wasiitie saini kwa ajili tu ya kuharakisha udahili.

Hatua ya 3: Iandikie bodi inayotoa leseni katika jimbo lako. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, kwa kuwa neno la mwisho ni la bodi, si la ofisa wa udahili anayekuzungumzia kwa simu. Kwa muuguzi ni bodi ya uuguzi. Kwa mwalimu, mara nyingi ni idara ya elimu ya jimbo. Taja jina kamili la programu na jimbo chuo kilipo, kisha uliza mambo mawili: je, mhitimu wake ataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni (kwa muuguzi, NCLEX-RN) na kupewa leseni hapa, na je, programu hiyo ina ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi katika hospitali za hapa kwa mafunzo kwa vitendo? Swali la pili husahaulika, ilhali asiyepata nafasi ya mafunzo hayo hawezi kuhitimu. Hifadhi jibu la barua pepe.

Wengine huniambia kwamba mkataba wa leseni za wauguzi baina ya majimbo, unaomwezesha muuguzi kutumia leseni moja katika majimbo yote wanachama, utawaokoa. Mkataba huo humfaa mkazi wa jimbo mwanachama aliyekwisha kutimiza masharti ya leseni. Hauponyi kasoro ya elimu. Isitoshe, hadi mwaka 2025 Minnesota, wanakoishi Wakenya wengi, haikuwa mwanachama, wala New York na California.

Hatua ya 4: Ukitaka kuhamia jimbo jingine, rudia hatua ya tatu kabla ya kuhama, kisha kijulishe chuo rasmi anwani yako mpya. Chuo kikibaini kwamba programu haitimizi masharti ya jimbo uliko, kinatakiwa kukuarifu moja kwa moja ndani ya siku 14, na kitaamua uko wapi kwa kufuata taarifa ulizokipa.