Somo: Ukienda Ukraine, anza na viatu, maua na mkate

Wakuu, salaam. Tangu nitaje humu kwamba nimeishi Ternopil, mji wa magharibi mwa Ukraine, miaka sita nikisoma, sanduku langu la ujumbe limegeuka dawati la maulizo. Kila wiki ni lile lile: "Mkuu, wale watu wakoje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimeota sugu. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia kiungo cha uzi huu, tusilaumiane.

Kwanza tuelewane. Nchi iko vitani. Ndege za abiria haziruki kule tangu 24 Februari 2022. Simshawishi mtu aende kutalii. Naandika kwa mwenye sababu yake tayari: ameoa huko, ana kazi, ana rafiki wa kumwona. Mambo ya viza ulizia ubalozini, mimi si wakala.

Hatua ya 1: Kuingia. Wengi hupitia Poland, mji wa Przemyśl, kisha treni hadi Lviv. Weka programu ya tahadhari ya anga kwenye simu kabla hujavuka mpaka. King'ora kikilia utaona baadhi ya wenyeji wanaendelea kunywa kahawa. Wewe shuka kwenye handaki. Usiku kuna muda wa kutotoka nje, uulizie saa zake katika mji uliopo. Na kila siku saa 3 kamili asubuhi kuna dakika moja ya kimya kwa waliouawa vitani. Ukiona watu wamesimama ghafla barabarani, simama nawe, simu mfukoni.

Hatua ya 2: Salamu. "Dobryi den" ni salamu ya mchana, "dyakuyu" ni asante, "bud laska" ni tafadhali na pia karibu, "pereproshuyu" ni samahani. Yatosha kwa wiki ya kwanza. Sisi tumezoea za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, na mvua zimenyesha? Kule dukani ni dobryi den, unalipa, unaondoka. Muuzaji asipokuchekea hajakuchukia. Tabasamu lao halitolewi kwa mpita njia, ila ukishalipata ni lako.

Hatua ya 3: Kuita watu. Mtu mzima au usiyemjua ni "vy", rafiki na mtoto ni "ty". Kumwita mzee "ty" ni kama kumpita bibi wa watu bila shikamoo. Halafu jina lenyewe hubadilika mwisho ukimwita mhusika: Oksana unamwita "Oksano", Taras unamwita "Tarase". Ukilipatia hilo, hata lugha yako ikiwa mbovu watakuvumilia.

Hatua ya 4: Mlangoni. Vua viatu, utapewa ndara za ndani, vaa. Usimpe mtu mkono huku yeye yuko ndani na wewe uko nje ya kizingiti: ingia kwanza. Maua yawe ya witiri, 3, 5 au 7. Shufwa ni ya msibani.

Hatua ya 5: Mezani. Nenda na njaa. Supu yao ya bitiruti, borsch, huja na kijiko cha smetana, malai iliyochachuka, pamoja na vimkate laini vya kitunguu saumu. Upishi wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO Julai 2022, na ukitaka kugombana na mtu mwambie borsch ni ya Warusi. Sahani ikiisha inajazwa. Acha kidogo ukishashiba, vinginevyo hutatoka. Glasi zikiinuliwa mmoja husema "Bud'mo!" na wote hujibu "Hei!" Usiyekunywa pombe inua kompot yako (kinywaji cha matunda yaliyochemshwa), haina shida. Ila wakisimama na kunyamaza bila kugonganisha glasi, hapo wanawakumbuka waliokufa. Nyamaza nawe.

Hatua ya 6: Mkate. Hapa kaeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wangu wa pili nilipanga chumba kwa mama mmoja wa miaka sabini na kitu. Siku moja ya baridi nikajitolea kusafisha jiko. Nikakuta nusu mkate mweusi uliokauka, na mfuko wa vipande vya kingo za mkate. Nikatupa vyote kwenye pipa la taka, moyoni najisifu jinsi nilivyo kijana safi. Mama akaingia, akaangalia pipa. Hakusema neno. Aliinama, akautoa ule mkate, akaufuta kwa kiganja, akaubusu, akauweka mezani. Hakunisemesha mpaka kesho yake jioni. Nami kwa akili zangu nikaona ni ubahili, nikakimbia dukani kununua mikate miwili mipya na kuiweka mezani "kumlipa". Nikawa nimetia chumvi kwenye kidonda.

Mjukuu wake ndiye aliyenieleza. Mwaka 1932 na 1933 serikali ya Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, ilikomba nafaka vijijini Ukraine, watu wakafa kwa njaa kwa mamilioni kwenye udongo mweusi wenye rutuba kuliko shamba lolote unalolijua. Sheria ya Agosti 1932 ilimfanya hata mtu aliyeokota masuke yaliyobaki shambani kuwa mwizi wa mali ya umma: kifungo cha miaka kumi, au risasi. Ternopil wakati huo ilikuwa chini ya Poland, njaa ile haikufika. Lakini mama yake mwenye nyumba wangu alizaliwa upande wa Poltava, uliokuwa chini ya Stalin, na mwaka 1933 alikuwa msichana mdogo. Aliponea. Wadogo zake hawakuponea. Jambo hilo wanaliita Holodomor, na Jumamosi ya nne ya Novemba, saa 10 jioni, huwashwa mshumaa dirishani.

Kwa hiyo:
- Usitupe mkate mbele ya mtu. Uliokauka hukatwa vipande na kuokwa, au hupewa ndege.
- Usiulaze kichwa chini.
- Ukikuangukia, okota.
- Usianzishe habari za 1933 mezani. Wakianza wao, sikiliza.
- Usiseme "hata kwetu njaa ipo". Nilisema. Kimya kilichofuata sikisahau.

Niliomba radhi kwa kukaa naye jikoni kukata zile kingo na kuzioka. Hatukuongea sana. Baada ya hapo akawa ananiwekea kipande cha mwisho cha kila mkate.

Hatua ya 7: Daladala. Inaitwa marshrutka. Ukikaa nyuma, mpe nauli aliye mbele yako, itapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva na chenji itarudi njia ile ile. Sijawahi kupoteza hata senti.

Hatua ya 8: Sikukuu. Krismasi rasmi sasa ni 25 Desemba. Zamani ilikuwa 7 Januari, mabadiliko yalikuja 2023. Usiku wa tarehe 24 huandaliwa vyakula 12 visivyo na nyama, cha kwanza ni kutia: ngano iliyochemshwa, asali na mbegu za mpopi. Ukialikwa usiku huo, usikatae.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

Msumari_wa_Moto: Mkuu uzi mrefu, fupisha basi. Wanawake wa kule vipi, wanatupenda?

Mleta uzi: Nimeandika hatua nane. Hakuna ya wanawake.

Kipepeo77: Kwani hao si Warusi tu? Lugha si ile ile?

Mleta uzi: Si ile ile. Asante ya Kirusi ni "spasibo", ya Kiukraine umeisoma hapo juu, kama umesoma. Mwaka 1876 mfalme wa Urusi, Alexander II, alipiga marufuku karibu kila chapisho la Kiukraine katika himaya yake. Kitu kisichokuwepo hakipigwi marufuku.

Kipepeo77: Punguza jazba, nimeuliza tu.

Mleta uzi: Sawa, nimepanda kidogo. Jibu la kistaarabu: wengi wanajua lugha zote mbili, na Kharkiv au Odesa utasikia Kirusi kwenye nyumba nyingi. Usimhukumu mtu kwa lugha ya mama yake. Ila wewe mgeni anza na Kiukraine, na jina la mji mkuu andika Kyiv, siyo Kiev. Kuna mkate wa duara unaitwa palianytsia. Vita vilipopamba moto 2022, lile jina likawa kipimo cha kumtambua mgeni, maana ulimi wa Mrusi hulivunja. Wangu pia ulilivunja, wakacheka mpaka machozi.

BintiPangani: Kaka, shukrani kwa darasa. Mimi Muislamu, mume wangu amepata kazi ya shirika la misaada Kyiv nami nitamfuata. Nasikia nguruwe amejaa kila chungu. Nitakula nini?

Mleta uzi: Dada, swali zuri. Ni kweli: salo, mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi, wanayapenda kama sisi pilipili. Hatari ni yale yasiyoonekana. Varenyky, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa viazi, mara nyingi humwagiwa vipande vya mafuta yaliyokaangwa. Jifunze neno "pisne". Ni chakula cha mfungo wa Kikristo: hakina nyama, maziwa wala mayai, na hupikwa kwa mafuta ya alizeti. Ukiomba "pisnyi borsch" utaletewa wa maharage au uyoga. Mwambie na mpishi, "bez miasa, bez sala", bila nyama, bila mafuta ya nguruwe.

Kisha watafute Watatari wa Krimea, rasi iliyo kusini mwa Ukraine. Ni Waislamu. Stalin aliwahamisha wote kwa nguvu Mei 1944, na maelfu ya waliorejea Krimea walihama tena baada ya Urusi kuitwaa 2014. Migahawa yao ina chebureky, chukulia sambusa iliyotandazwa ikawa kubwa kama sahani. Za barabarani ziache, hujui ndani kuna nini. Msikiti wa Ar-Rahma uko Kyiv, mtaa wa Tatarka. Ukifika pale Ijumaa hutakuwa mgeni tena.

BintiPangani: Allah akulipe. Kuhusu ndara za mlangoni, mbona sisi Pwani ndio kwetu!

Mleta uzi: Ndiyo maana wewe hutapata tabu. Wa bara ndio tuliosumbuka.

Mhudumu_Nungwi: Nichangie. Vita vilipoanza 2022 mamia ya watalii wa Ukraine walikwama Zanzibar. Tulikuwa nao hotelini. Mama mmoja alinikemea kwa sababu napiga mluzi nikifuta meza. Nikadhani nimemkera tu. Kumbe?

Mleta uzi: Mluzi ndani ya nyumba unafukuza pesa. Alikuwa anakulindia mshahara. Jingine: mgeni anapokuwa na safari ndefu, wote hukaa kimya sekunde chache juu ya mizigo kabla ya kutoka. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni nasema "tutachelewa treni". Nikaketishwa.

Mhudumu_Nungwi: Walifanya hivyo! Siku walipoondoka, kwenye masanduku, pale mapokezi. Tukafikiri wamechoka.

Mzee_wa_Vitabu: Kijana, ile noti ya hryvnia 100 ina mzee mwenye masharubu. Nani huyo, na kwa nini sanamu yake iko kila mji?

Mleta uzi: Shikamoo mzee, hapa nitajieleza. Ni Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji, aliyezaliwa 1814. Alizaliwa mtumwa wa shamba, mali ya bwana mwenye ardhi. Mwaka 1838 mchoraji Bryullov alichora picha ya mshairi Zhukovsky, ikachezeshwa bahati nasibu, zikapatikana rubli 2,500, akanunuliwa uhuru. Baadaye mfalme alimtupa uhamishoni miaka kumi kwa sababu ya mashairi yake, kwa amri kwamba asiandike wala asichore.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1858, ametoka uhamishoni, alikutana Saint Petersburg na Ira Aldridge, mwigizaji mweusi mzaliwa wa New York aliyekuwa akitikisa majukwaa ya Ulaya kwa Othello, tamthilia ya Shakespeare. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, ikabidi watafsiriwe. Mmoja alizaliwa utumwani, mwingine katika nchi iliyowauza watu wa rangi yake. Shevchenko akamchora, na picha ipo mpaka leo. Nilipomtajia Aldridge mama mwenye nyumba, alikwenda kabatini akanitolea kitabu chenye hiyo picha. Alikuwa akiijua siku zote, ila hakuona sababu ya kunionyesha kabla sijauliza.

Mzee_wa_Vitabu: Marahaba. Umenipa kazi ya wiki nzima.

Jiko_la_Ubungo: Mimi nataka hiyo supu. Bitiruti zipo sokoni. Nipe njia.

Mleta uzi: Chemsha mfupa wa ng'ombe mpaka nyama ilegee. Bitiruti kata njiti, kaanga na nyanya ya kopo pamoja na maji ya ndimu. Bila ukali wa ndimu rangi inageuka kahawia, nalijua kwa uchungu. Mchuzini tia viazi kwanza, kisha bitiruti, kabichi mwisho kabisa. Zima moto, weka kitunguu saumu, funika. Smetana hapa haipatikani hovyo, chuja mtindi mzito kwenye kitambaa. Na usile leo. Kesho ndiyo inakuwa borsch.

Jiko_la_Ubungo: Jirani akinipa bakuli la kitu kule, narudisha tupu?

Mleta uzi: Kwenu mnarudisha tupu? Mimi nilirudisha na maandazi. Wiki iliyofuata lilikuja bakuli kubwa zaidi.

Msumari_wa_Moto: Mkuu nimealikwa kwa Mukraine mmoja hapa Masaki Jumamosi. Nimenunua waridi 12, zimependeza sana. Niongeze chokoleti?

Mleta uzi: Punguza ua moja. Hatua ya 4.