Mwenye fremu na mpangaji, andikeni 10% kwenye mkataba

Kwa wenye fremu za biashara hapa Dodoma, hasa mliojenga maeneo ya Nkuhungu na Ipagala: mkataba usiseme tu "pango shilingi 200,000 kwa mwezi". Andikeni kama hiyo ni kabla au baada ya kodi ya zuio, yaani kodi ambayo anayelipa pango huikata na kuipeleka serikalini. Mpangaji wa biashara, hata akiwa fundi cherehani, anatakiwa kukata 10% ya pango na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi aliolipa kuisha.

Wengi tunalipana miezi 6 kwa mkupuo. Pango la 1,200,000 maana yake 120,000 ni ya TRA, mwenye fremu anabaki na 1,080,000. Ugomvi mwingi huanzia hapo: mpangaji anataka kukata, mwenye nyumba anadai hela yake kamili. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anaiwasilisha tu. Mwenye fremu, mdai mpangaji wako cheti cha zuio, maana ndicho ushahidi wako kwamba imelipwa.

Kodi ya jengo ni kitu kingine. Hiyo hukatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi badala ya 1,000. Anayenunua umeme ni mpangaji lakini jengo ni lako, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anaibeba. Na kama kiwanja kimoja kina mita 3, angalia risiti za umeme: ukikuta zote zinakatwa, omba ibaki moja.